Utulivu wa Farasi

Watu wengi hudhani ya kuwa farasi hufunzwa kwa nguvu, kwa kuwa yeye mwenyewe ana nguvu nyingi. Sivyo. Mnyama mwenye uzito wa kilo 500 hawezi kushindwa na mkono wa mtu. Humtii mtu moyo wake ukiwa umetulia.

Sababu yake ni hii. Farasi hana pembe wala makucha. Wokovu wake ni mbio. Macho yake yako pande mbili za kichwa, naye huona karibu pande zote pasipo kugeuka. Kila kitu kigeni hukidhania kuwa adui. Na aliyeshikwa na hofu hafundishiki, maana mawazo yake yote ni kukimbia.

Mambo haya niliyaona kwa macho yangu karibu na Naivasha, katika shamba moja ambako mjomba wangu alikuwa saisi. Palikuwa na farasi jike mwekundu, aliyekuwa amepigwa sana na mfunzaji wake wa kwanza. Akiona hatamu tu, husimama kwa miguu ya nyuma. Hata siku moja akamvunja mtu mkono. Mwenye shamba akasema, "Asipokubali kupandwa katika miezi miwili, atapigwa risasi."

Mjomba hakushika mjeledi. Siku ya kwanza alisimama tu zizini, amemgeuzia ubavu, asimkazie macho. Farasi aliposogea hatua moja, mjomba alirudi nyuma hatua moja, ili ajue ya kuwa hafukuzwi. Siku ya nne alimfikia, akamkuna pale shingo inapokutana na mgongo, ndipo farasi wenyewe hukunana kwa meno. Wataalamu wamepima, wakaona ya kuwa farasi akikunwa hapo, mapigo ya moyo wake hupungua. Yule jike akainamisha kichwa, akalegeza midomo, akashusha pumzi ndefu.

Kisha mjomba akamtia kamba. Aliivuta kidogo, na farasi alipoitika hata kwa kuinua ukwato mmoja, aliilegeza papo hapo.

Nikamwuliza, "Mjomba, mbona waiachia upesi hivi?"

Akajibu, "Mwanangu, kuvuta ni kumwuliza, kulegeza ndiko kumfundisha."

Kabla miezi miwili haijatimia, alimpanda, wakazunguka shamba kwa mwendo wa polepole. Risasi haikupigwa.

Wala mtu asidhani ataweza kumficha farasi hasira yake. Mwaka 1904 watu wa Berlin walimstaajabia farasi aitwaye Hans, aliyejibu hesabu kwa kugonga chini kwa ukwato. Oskar Pfungst alimchunguza, akatambua ya kuwa Hans hakujua hesabu. Aliangalia kichwa cha mwulizaji, ambacho kilisogea kidogo mno jibu lilipofikiwa, naye akaacha kugonga. Mwulizaji mwenyewe hakujua ya kuwa amesogea! Ikiwa farasi huona jambo dogo kama hilo, hawezi kukosa kuona mkono unaotetemeka kwa ghadhabu.

Ndiyo maana Xenophon, Myunani aliyeandika juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alionya kwamba mtu asimwendee farasi akiwa na hasira.

Basi, mwanafunzi, ukipewa punda wa mizigo au ng'ombe wa kulimia, kabla hujashika kamba, tuliza kwanza moyo wako mwenyewe.