Programu ya Kijana na Njia Tuliyoiziba Wenyewe



Mwezi uliopita mzazi mwenzetu mmoja alitulalamikia kwamba mwanawe, ambaye anajifunza kutengeneza programu za simu, amekuwa mkali nyumbani na halali usiku. Kompyuta yake, alisema, inakataa "kujenga", na kila mara humwambia kwamba tatizo ni mtandao, ilhali nyumba nzima inatazama video kwa mtandao huo huo. Tulimcheka kidogo, kisha tukaingiwa na haya, maana shida hiyo ilitufika sisi kabla yake, na namna tulivyoikabili haikuwa ya kujivunia. Tukamwahidi kuyaandika hapa yaliyotupata.

Sisi tunakaa Fereej Bin Mahmoud, hapa Doha, katika mojawapo ya yale majengo ya ghorofa yaliyobanana, si mbali na kituo cha Metro chenye jina la mtaa wetu. Kina mama wa jamaa zetu, 12 kwa hesabu, wana upatu wao wa kila mwezi, na daftari la upatu huo hukaa kwetu. Mwaka jana daftari hilo lilileta maneno. Mmoja alidai zamu yake imerukwa, mwingine akaapa kwamba amelipa, na ukurasa ambao ungeamua ulikuwa umemwagikiwa chai. Kijana wetu, ambaye alikuwa na umri wa miaka 17, akajitolea kutengeneza programu ndogo ya simu ambayo kila mama angeiona ndani yake zamu yake na malipo yake. Kina mama walifurahi mno, wakamwekea ahadi ya kuiona siku ya Ijumaa watakapokutana.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa wiki sita katika kompyuta ya rafiki yake. Jumanne usiku aliihamishia kwenye laptopu yetu ya zamani, tuliyompa siku hiyo hiyo kwa furaha kubwa, akabonyeza kitufe cha kujenga. Baada ya dakika chache yakatokea maandishi mekundu ya Kiingereza, yenye maana kwamba vifaa vinavyohitajika havikupatikana na kwamba muda wa kungoja umekwisha.

Yafaa tueleze kidogo, kwa sababu wazazi wengi hudhani, kama tulivyodhani sisi, kwamba kompyuta ikishakuwa na programu ya Android Studio basi ina kila kitu. Sivyo. Kinachoandikwa na kijana ni sehemu ndogo tu ya kazi. Sehemu kubwa ni misimbo iliyokwisha kuandikwa na watu wengine, ambayo mafundi huiita maktaba, nayo imehifadhiwa katika seva za mbali. Kijana anapobonyeza kitufe cha kujenga, mtumishi mmoja ndani ya kompyuta, jina lake Gradle, hutoka kwenda kuzileta. Pengine hata mtumishi mwenyewe huwa hajafika, ikabidi kwanza aletwe kutoka services.gradle.org. Akishafika huenda kwenye ghala la Google, kisha kwenye ghala jingine liitwalo Maven Central, na kila maktaba anayoibeba huwa ina jamaa zake ambao nao lazima wachukuliwe. Ni kama mtu aliyeazimia kupika biriani akiwa na mchele peke yake: huyu kampeleka mtoto kwa muuza viungo, yule kwa muuza nyama, wa tatu hajarudi na samli, na chungu kiko motoni. Asiporejea mmoja tu, hapana biriani. Vilivyokwisha kuletwa huwekwa akiba, kwa hiyo safari ya pili huwa nyepesi. Lakini laptopu yetu haikuwa na akiba yoyote.

Sasa tusimulie tuliyoyafanya. Kwanza tuliizima ruta na kuiwasha, mara tatu. Kisha tukamtuhumu jirani, ambaye wakati fulani tulimpa neno la siri la mtandao wetu wakati wa ugonjwa wa mkewe, tukalibadilisha neno hilo pasi na kumwambia. Jambo hilo tumelijutia. Tukapiga simu kwa kampuni ya mtandao, tukaambiwa laini ni nzima. Jumatano tukaifuta Android Studio yote na kuipakua upya, kazi iliyotula jioni nzima, na maandishi mekundu yakarejea yale yale, herufi kwa herufi.

Hapo ndipo tulipomgeukia kijana. Tulimwambia kwamba ameharibu laptopu kwa michezo, kwamba wiki sita alikuwa akituhadaa kwa jina la kazi, na kwamba siku ya Ijumaa atasimama mwenyewe mbele ya mama zake awaeleze. Hakujibu. Aliinuka akaenda kukaa jikoni kwa mama yake, na chakula cha usiku ule kililiwa bila ya mazungumzo.

Usiku ule ule, sisi tukiwa tumelala, yeye alifanya mambo mawili ambayo watu wazima hatukuyafikiria. La kwanza, aliiacha intaneti ya nyumbani, akawasha intaneti ya simu yake na kuigawia laptopu. Kosa likarudi vile vile. Ikiwa njia mbili zilizo mbali mbali zinatoa kosa moja, alijiambia, basi ni vigumu ugonjwa kuwa barabarani. La pili, alinakili ile anwani ndefu ya ghala la Google iliyotajwa katika maandishi mekundu, akaibandika katika kivinjari cha laptopu hiyo hiyo. Faili likashuka mara moja. Kwa hiyo ghala liko wazi, barabara iko wazi, laptopu yafika, ila Gradle peke yake ndiye asiyefika.

Asubuhi ya Alhamisi alitujia kabla hatujatoka kwenda kazini. "Baba," alisema, "naomba nikuulize. Nambari hii waijua?" Alikuwa ameyasoma maandishi mekundu mpaka mstari wa mwisho kabisa. Sisi tulikuwa tukisoma wa kwanza tu, unaotaja Google, na ghadhabu ikatutosha. Mstari wa mwisho ulisema kwamba kompyuta ilishindwa kuunganishwa, si na Google, bali na nambari zilizotengwa kwa nukta, zikianza na 10, na mwishoni mwake 8080.

Tuliijua. Ilikuwa ni anwani ya ofisini kwetu.

Katika ofisi nyingi kompyuta haziruhusiwi kutoka nje zenyewe. Huagiza kupitia seva moja inayosimama mlangoni, nayo huitwa proksi. Miaka miwili nyuma tulihudhuria mafunzo mafupi ya programu za simu pale kazini, tukaichukua laptopu hii, tukaingiza anwani ya proksi katika Android Studio, na ilipotuuliza kama mipangilio hiyo inakiliwe pia kwa ajili ya Gradle tukakubali bila ya kusoma. Mafunzo yakatushinda baada ya wiki mbili, tukayasahau. Lakini anwani haikusahau. Ilikuwa imeandikwa katika faili liitwalo gradle.properties, ndani ya folda ya .gradle iliyo katika makazi ya mtumiaji, nje kabisa ya Android Studio na nje ya kazi ya kijana. Ndiyo maana kufuta na kupakua upya hakukusaidia kitu. Tena faili hilo la makazi ya mtumiaji lina nguvu kuliko faili lenye jina kama lake lililomo ndani ya kazi yenyewe, hivyo hata kijana alipolikagua lake na kuliona safi, la kwetu ndilo lililokuwa likitawala. Kila usiku Gradle alikuwa akiugonga mlango wa ofisi uliokuwa umefungwa kilomita kadhaa kutoka hapo, akingoja mpaka muda ukamwishia.

Tulilifungua faili pamoja. Mistari ilikuwa minne: inayoanza kwa systemProp.http.proxyHost na systemProp.https.proxyHost, na miwili ya nambari za mlango. Kijana hakuifuta, aliweka alama ya # mwanzoni mwa kila mmoja, ili ibaki kama ukumbusho bila ya kufanya kazi. Akamsimamisha Gradle aliyekuwa akiendelea chini kwa chini kwa amri ya gradlew --stop, kisha akajenga upya. Tulichelewa kazini siku ile. Tulikaa tukitazama majina ya maktaba yakipita, na yalipokwisha kupita tukamwomba radhi mtoto wetu, mbele ya mama yake, kwa kuwa maneno ya jana tuliyasema mbele yake. Jioni tulimgongea jirani, tukampa neno la siri jipya.

Tangu siku hiyo vijana wa jamaa wamekuwa wakimletea matatizo yao, na si yote yanayofanana na letu. Mpwa wetu aliye Dar es Salaam alikumbwa na tatizo la barabara kweli: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Yeye alikuwa na akiba kamili katika kompyuta yake, kwa hiyo aliiweka Gradle katika hali ya kufanya kazi nje ya mtandao akaendelea. Hali hiyo hiyo, lakini, humtesa asiyejua: mtu huibonyeza siku moja kwa bahati mbaya, kisha akiongeza maktaba mpya huambiwa haipo, na huilaumu intaneti iliyo nzima.

Binti mmoja alikuwa akifuata masomo ya zamani yaliyotaja ghala liitwalo JCenter. Wenye ghala hilo walitangaza mwaka 2021 kwamba wanalifunga, na tangu Agosti 2024 maombi yanayokwenda huko huelekezwa Maven Central, ambako baadhi ya maktaba za zamani hazipo. Hapo hakuna ruta itakayosaidia. Ni kuondoa jina la ghala lililokufa na kutafuta maktaba hiyo kwingine. Kadhalika, anwani zinazoanza na http isiyokuwa na s hukataliwa na Maven Central tangu Januari 2020.

Lililotuchosha zaidi ni la vyeti. Baadhi ya ofisi, na baadhi ya programu za kukinga virusi, hufungua mizigo ya mtandao ili kuikagua, kisha huifunga upya kwa cheti chao wenyewe. Kivinjari huwa kimekwisha kuelezwa kukiamini cheti hicho, lakini Java inayomwendesha Gradle ina daftari lake la vyeti na haikijui, ikakataa. Humo mtu ataona herufi PKIX katika maandishi mekundu. Dawa ni kumwomba fundi wa ofisi cheti chenyewe na kukiingiza katika Java hiyo. Wako wanaowafundisha vijana kuuzima ukaguzi wa vyeti wote ili mambo yapite. Sisi hatukubaliani nao, kwa sababu hapo kijana atapokea msimbo wowote kutoka kwa yeyote, na humo ndimo zitakamoandikwa pesa za watu. Tazameni pia saa ya kompyuta. Ikiwa imerudi nyuma miaka, kila cheti kitaonekana si halali.

Ijumaa, baada ya alasiri, kina mama walikutana kwetu. Kijana aliipitisha simu mkononi kwa mkono. Mama mmoja alikuta jina lake limekosewa herufi, mwingine akauliza mbona zamu yake ni ya mwisho, naye akaonyeshwa kwamba ndivyo daftari lilivyosema tangu mwanzo. Jina lilirekebishwa pale pale, programu ikajengwa upya wakati chai inamiminwa, na safari hii haikuchukua hata dakika moja. Daftari la karatasi tungali tunalo, katika mfuko wa plastiki.