Bisley na Shabaha Zisafirizo kwa Posta

Msafiri atokaye London kwa gari moshi kuelekea kusini-magharibi, baada ya mwendo wa kilometa zipatazo 45, hushuka katika kituo kidogo kiitwacho Brookwood, katika jimbo la Surrey. Hapo jirani, katikati ya misonobari na nyika yenye vichaka vifupi, ndipo ulipo uwanja wa Bisley, makao ya walenga shabaha wa Uingereza tangu mwaka 1890.

Askari yeyote akifika hapo hatajiona mgeni. Ataona nyumba za mbao zenye veranda pana, ataona bendera ndefu zinazopepea kuonyesha nguvu ya upepo, na mbele yake vituta vya kulengea vilivyopangwa safu kwa safu. Katika uwanja uitwao Stickledown mtu huweza kulenga shabaha iliyo umbali wa yadi 1,200, yaani karibu mita 1,100. Chama cha Bunduki cha Taifa kiliundwa mwaka 1859, na mashindano yake ya kwanza yalifanyika Wimbledon mwaka 1860. Mji wa London ulipotanuka na nyumba za raia kuusogelea uwanja, ilibidi kutafuta mahali pengine pa kufyatulia risasi kwa usalama, ndipo Bisley ikachaguliwa.

Hata hivyo, sifa ya Bisley haitokani na wale tu wanaokusanyika hapo wakati wa kiangazi. Wapo washindani wengi ambao kwa majira yote ya baridi hawakanyagi uwanja huo, nao hushindana na watu wasiowajua kwa sura. Hao hulenga shabaha kwao, katika ukumbi wa kijiji au banda refu nyuma ya karakana, kisha karatasi waliyoitoboa huitia katika bahasha na kuipeleka posta. Kinachosafiri ni karatasi. Mtu na bunduki yake hubaki nyumbani.

ASILI YAKE NI VITA VYA AFRIKA

Mchezo huu ulipata nguvu kutokana na mambo yaliyotokea katika bara letu. Katika vita vya Afrika Kusini, vilivyoanza mwaka 1899 na kumalizika mwaka 1902, majeshi ya Uingereza yalipambana na Makaburu, wakulima waliozoea bunduki tangu utoto wao. Waingereza walishtuka kuona jinsi wakulima hao walivyolenga vema kutoka mbali, hali vijana wengi wa miji ya Uingereza hawakuwa wamepata hata kushika bunduki.

Jemadari Lord Roberts, aliyepata kuongoza majeshi hayo, aliunga mkono wazo la kuanzisha vyama vya shabaha kwa watu wa kawaida. Mwaka 1901 kikaundwa chama kilichokuwa mwanzo wa Chama cha Taifa cha Bunduki Ndogo, ambacho kilipata jina hilo mwaka 1947 na ambacho ofisi zake zipo hapo hapo Bisley. Mfanyakazi wa kiwandani hakuwa na nauli ya kwenda viwanja vikubwa, wala hakuwa na fedha za kununua risasi za vita. Kwa hiyo ilichaguliwa bunduki ndogo, ambayo risasi yake ina kipenyo cha milimita 5.6 na bei nafuu. Risasi hiyo huhitaji umbali mfupi, hivyo hata ukumbi wa kawaida ulitosha. Na kwa kuwa kumbi zilikuwa mbali mbali, posta ndiyo iliyoziunganisha.

KADI MOJA, RISASI KUMI

Utaratibu wenyewe ni rahisi kueleza, lakini si rahisi kuutimiza. Mshindani hulala kifudifudi, mkono wake wa kushoto ukiwa umeshikwa na ukanda wa bunduki. Mbele yake, umbali wa yadi 25, yaani kiasi cha mita 23, hutundikwa kadi yenye shabaha ndogo kumi. Kila shabaha hupewa risasi moja tu. Aliyepiga katikati kila mara hupata alama 100, na katika madaraja ya juu alama moja iliyopotea huweza kumnyima mtu ushindi wa majira yote.

Washindani hupangwa katika madaraja kwa wastani wa alama zao, ili mwanafunzi asikutane na bingwa. Kadi huwa na alama maalumu ya mashindano hayo, ili isichanganywe na kadi za mazoezi. Kazi ikiisha, kadi hupelekwa kwa mhesabu alama, mtu ambaye hakuwapo ukumbini. Tundu likiwa limekaribia mstari, yeye hatumii macho matupu: huingiza kipimo maalumu cha chuma katika tundu hilo na kukikagua kwa kioo cha kukuzia. Siku hizi yapo pia mashindano ambayo matokeo yake hupelekwa kwa barua pepe.

Sasa msomaji atauliza: ni nini kinachomzuia mtu asipige kadi tatu na kuipeleka ile iliyo nzuri kuliko zote? Anayemzuia ni shahidi. Kila kadi hutakiwa kushuhudiwa na mtu mwingine, ambaye hutia sahihi yake kuthibitisha kwamba risasi zilipigwa kwa kanuni. Shahidi huyo, aghalabu, ni mwanachama wa chama kile kile, rafiki wa mlengaji, na pengine ni mkewe au baba yake. Hakuna mkaguzi atokaye Bisley, wala hakuna ofisa asimamaye nyuma yao. Mchezo mzima hutegemea sahihi ya mtu ambaye angeweza kusema uongo bila kukamatwa.

Na bado mchezo huo umeishi kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1909 Sir Thomas Dewar, mfanya biashara kutoka Uskochi, alitoa kombe la kushindaniwa na mataifa kwa njia hiyo hiyo ya mbali. Timu ya Uingereza hulenga kwao, na timu ya Marekani hulenga kwao, kila mshindani akipiga risasi 40 katika umbali wa namna mbili, kisha hesabu za pande hizo mbili hulinganishwa. Bahari ya Atlantiki imekuwa kati ya washindani hao, wala haikuwazuia kuaminiana.

WANAWAKE NA JAMAA

Katika mchezo huu nguvu za mwili si kitu kikubwa. Kinachotakiwa ni pumzi iliyotulia, jicho makini na kidole kisicho na haraka. Ndiyo sababu mama, baba na kijana wao huweza kushindana katika daraja moja. Mwaka 1930 mwanamke aitwaye Marjorie Foster alitwaa Tuzo ya Mfalme hapo Bisley, tuzo kuu ya uwanja huo, kwa kumshinda ofisa wa jeshi kwa alama moja tu. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata.

SIKU ILIYOTIKISA UAMINIFU

Lakini uaminifu ukivunjwa, gharama yake ni kubwa. Tarehe 13 Machi 1996, katika mji mdogo wa Dunblane, Uskochi, mtu mmoja aliingia katika shule ya msingi na kuwaua watoto 16 na mwalimu wao kwa bastola alizokuwa nazo kwa kibali halali. Taifa zima lililia. Mwaka 1997 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria zilizopiga marufuku karibu bastola zote kwa raia. Walenga shabaha wa bastola, ambao hawakuwa wamemdhuru mtu yeyote, walisalimisha silaha zao, na wengine wakahamia bastola za hewa. Wapo walionung'unika, lakini hapana manung'uniko yawezayo kuwekwa katika mizani pamoja na uhai wa mtoto mmoja, sembuse kumi na sita. Wahenga walisema, samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Bunduki ndogo hazikupigwa marufuku, ila mwenye nayo lazima awe na cheti cha polisi, na silaha yake lazima itunzwe mahali palipofungwa, isipate kufikiwa na mtu asiyehusika. Jamaa wa askari wanaielewa kanuni hiyo vema. Silaha iliyoachwa juu ya kabati haimjui adui wala mtoto wa nyumba.

Basi msafiri aondokapo Bisley jioni, milio ikiwa imekoma na bendera zimeshushwa, huenda akakumbuka zaidi milima ya vituta na nyumba za veranda. Lakini jambo la kukumbukwa zaidi limo ndani ya bahasha zile zifikazo wakati wa baridi kutoka kumbi za mbali. Ndani ya kila moja mna kadi yenye matundu kumi na sahihi mbili. Kadi yenye alama 94 iliyopelekwa jinsi ilivyo humheshimisha mwenyewe kuliko ile ya alama 100 iliyoibwa. Askari wa zamu ya usiku, aliye peke yake langoni huku ofisa wake amelala, anaijua habari hiyo bila kufundishwa. Uungwana ni vitendo, na kitendo kipimacho uungwana ni kile kitendwacho pasipo mtu wa kutazama.