Kazi na Karatasi Runingu

Watu wa umri wa marehemu baba yangu, pale Runingu, kijiji cha mashariki ya Kongo kilicho kando ya barabara itokayo Uvira kwenda Sange na Kamanyola, walipolisikia neno mkataba walikumbuka jela kabla ya kukumbuka mshahara. Nami niliyekuja baadaye kupata riziki yangu kwa kuandika mikataba ya watu, kuitunza, na mara nyingine kuivunja kwa ilani na sahihi, niliona mbele ya macho yangu jinsi sheria ile iliyokuwa fimbo ya mwajiri ilivyogeuka, polepole na kwa kusuasua, ikawa dhamana ya mfanyakazi. Mageuzi hayo hayakufika kwetu yote kwa siku moja, wala hayakufika yakiwa mazima.

Zamani za Wabelgiji ajira za Waafrika zilitawaliwa na Amri ya tarehe 16 Machi 1922, na chini ya amri ile mtu aliyetia dole gumba lake kwenye waraka asioweza kuusoma, kisha akatoroka kazini kwa sababu ya maradhi ya mama yake au kwa kuchoka tu, alikuwa amefanya kosa la jinai, akatafutwa na askari kama mwizi, akafungwa. Katika masimulizi ya wazee wetu sikupata kusikia hata mmoja aliyemwona bwana wa kazi akipelekwa gerezani kwa kuchelewesha ujira. Fauka ya hayo palikuwa na kilimo cha lazima, nasi watu wa bonde la Ruzizi tuliyajua mashamba ya pamba kuliko tulivyozijua nguo zilizotokana nayo; kazi hiyo ya lazima ilihesabiwa siku 60 kwa mwaka, na vita vya pili vya dunia vilipokuja zikapandishwa zikawa 120. Baba alilima pamba hiyo akiwa kijana, kisha akaenda kukata miwa Kiliba, na mpaka anafariki hakupata kuwa na kipande cha karatasi kinachoonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi mahali popote.

Hapo ndipo palipokuwa na kiini cha dhuluma, nami nawaomba vijana wanaosomea usimamizi wa wafanyakazi wapatazame sana. Daftari la siku za kazi lilikuwa mikononi mwa kapita, yaani msimamizi wa vibarua, peke yake. Kapita akiweka alama, siku imehesabiwa. Akikasirika, au akinyimwa pombe aliyoitarajia jioni, siku imepotea, na mwenye jasho hana ushahidi wowote ila kinywa chake, na kinywa cha kibarua mbele ya daftari la kampuni hakikuwa na uzito asilan. Karatasi ilikuwa ya upande mmoja. Palipokosekana maandishi, aliyeumia ni mfanyakazi. Na palipokuwa na maandishi, aliyeumia aghalabu ni yeye yule.

Vifungu vya jela viliondoshwa kabla ya uhuru wa mwaka 1960, na tarehe 9 Agosti 1967 nchi ikapata Kanuni ya Kazi yake yenyewe. Mimi niliingia kazini nikiwa karani mdogo katika nyumba moja ya biashara pale Uvira, upande wa bandari ya Kalundu, nikawekwa chini ya mzee mmoja mwenye miwani aliyefunga faili kwa uzi wa katani na kuzipanga kwa tarehe ya kuajiriwa, si kwa jina, kwa kuwa, alisema, majina ya watu hubadilika lakini siku ya kuanza kazi haibadiliki. Nilimwona mkaidi. Lakini wakati ule matokeo ya Zairianisation, iliyotangazwa tarehe 30 Novemba 1973, yalikuwa bado yanaonekana mjini: maduka na mashamba ya wageni yalikuwa yametiwa mikononi mwa wananchi, na wengi wa mabwana wapya waliwaambia wafanyakazi waliowakuta, Mimi sikuwaajiri ninyi, nendeni mkamdai aliyewaajiri, naye aliyewaajiri alikuwa amekwisha kwenda zake Ulaya. Wazee waliofanya kazi miaka 15 wakaanza upya kama watu waliofika jana. Sheria ya leo imekata mzizi huo, kwa kusema kwamba mwajiri akibadilika kwa kuuza au kurithi, mikataba yote iliyokuwa hai siku ile hubaki hai kwa mrithi. Na hapo tarehe ya kuanza kazi, ile aliyoihifadhi mzee wangu kwa uzi wa katani, huwa ndiyo mali yote aliyo nayo mfanyakazi.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa Bujumbura mnamo Oktoba 1993, Warundi walivuka mto Ruzizi kwa maelfu, na kijijini kwetu Runingu ikawekwa kambi. Kambi ni mji, na mji hutaka wachimba vyoo, wabeba magunia, walinzi, wapimaji wa maji. Hivyo vijana waliokuwa wakingoja msimu wa kuvuna muhogo wakajikuta wanalipwa kwa siku, kwa fedha taslimu, na watu wasiojua kapita ni nani. Ilikuwa neema, sikatai. Lakini ndiyo iliyoleta kwetu, kwa wingi usiopata kuonekana, aina ya mfanyakazi tunayemwita jurnalie, mtu wa kutwa asiye na jana wala kesho katika vitabu vya mwajiri. Vita vya mwishoni mwa 1996 vikaitawanya kambi, kiwanda cha sukari cha Kiliba kikasimama, na jurnalie akabaki kuwa ndiye mfanyakazi wa kawaida wa bonde zima.

Kanuni mpya ya Kazi ilitiwa sahihi Kinshasa tarehe 16 Oktoba 2002, pamoja na sheria ya kuunda mahakama za kazi. Mwezi ule ule Uvira ilikuwa ikigombaniwa na wanamgambo wa Mai-Mai na waasi wa RCD, ikitwaliwa na kutwaliwa tena, na watu walikuwa wamelala chini ya vitanda. Wala sidhani kama palikuwa na mtu mmoja mjini aliyejua kwamba siku zile zile, mbali upande wa magharibi, amepewa haki zilizoandikwa kwa Kifaransa kizuri. Nakala ya kwanza niliyoishika mimi ilikuwa fotokopi iliyokwisha kufifia, nchi ilipokwisha kuungana tena, nami nimekwisha kuwa msimamizi wa wafanyakazi katika shirika moja la misaada.

Niliisoma usiku, na kilichonishtua ni kifungu kidogo kisemacho kwamba mkataba sharti uandikwe, na usipoandikwa hudhaniwa, mpaka ushahidi wa kinyume upatikane, kuwa ni wa muda usio na kikomo. Hebu msomaji alipime hilo. Kimya cha karatasi, kilichokuwa ngao ya mwajiri tangu siku za pamba, kimegeuzwa kuwa ngao ya mfanyakazi! Vifungu vingine ni vyema navyo: saa 45 kwa juma, kipindi cha majaribio kisichozidi mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi na miezi sita kwa wengine, likizo ya uzazi ya majuma 14 kwa theluthi mbili za mshahara. Lakini hivyo ni matawi. Shina ni kile cha maandishi, kwani ndicho kilichomfanya karani wa faili awe mtu wa haki au mtu wa hila.

Na hila haikukawia. Sheria inasema kwamba mtu wa kutwa aliyekwisha kufanya siku 22 za kazi kwa mwajiri mmoja ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, basi huyo si wa kutwa tena, mkataba wake ni wa kudumu. Mkubwa wangu, mtu mwenye adabu na asiyejiona mdhalimu hata kidogo, aliagiza orodha ibadilishwe kila siku ya 21. Kumbe vijana wa kwetu nao wana akili: aliyeondolewa Jumamosi alirudi Jumatatu akiwa na jina la mdogo wake, kisha jina la shemeji, kisha akarudia lake, na msimamizi wa kazi, ambaye hakutaka kumpoteza mchimbaji hodari, akafumba macho. Nilimwandikia mkubwa barua kueleza kwamba hiyo ni hatari kwa shirika kuliko mikataba yenyewe. Hakujibu.

Aliyejibu ni mkaguzi wa kazi, mzee mfupi aliyekuja na mkoba wa ngozi siku moja ya kiangazi, akaomba madaftari ya miezi mingi, akayapanga mezani mawili mawili bila kusema neno. Alama za dole gumba aliziruka. Alitafuta wenye kuandika, akampata mtu mmoja ambaye herufi S yake ilielekea kinyume, tena kwa majina matatu mbalimbali.

“Mwanangu,” akaniuliza kwa upole, “hawa watatu walifundishwa kuandika na mwalimu mmoja?”

“Hapana, mzee,” nikasema. “Huyo ni mtu mmoja.”

Suala halikufika mahakamani. Lilimalizwa kwa suluhu mbele ya mkaguzi: wale walioonekana wamefanya kazi miaka mitatu walihesabiwa kuwa wa kudumu tangu mwanzo, na shirika lilipofunga mradi walipewa preavi, yaani notisi ya kuachishwa, iliyo kamili: siku 14 za kazi za msingi na siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, jumla siku 35, pamoja na cheti cha mwisho wa kazi. Mtu wa S ya kinyume aliipokea fedha hiyo akaihesabu mara mbili. Cheti akakiomba kwa jina lake halisi, nami nikakiandika kwa furaha. Mkubwa alisema kwamba sheria ya nchi hii ni kali mno. Mimi naona ni ya insafu, na kama ina upungufu, upungufu wake ni kwamba imeandikwa kwa lugha ambayo Mfuliiru wa Runingu anayetia sahihi hawezi kuisoma. Kwa hiyo katika miaka yangu ya mwisho kazini sikumpa mtu kalamu kabla sijamsomea mkataba mzima kwa Kiswahili, kwa sauti, akiwa ameketi.

Hata sasa nafuatwa nyumbani na vijana wenye vyeo vya usimamizi wa wafanyakazi wakitaka niwafundishe namna ya kumwachisha mtu kazi haraka. Nawaambia hakuna haraka. Barua sharti iandikwe na sababu itajwe waziwazi, nayo iwe sababu ya kweli, iwe uwezo wa mtu, mwenendo wake, au mahitaji ya kazi yenyewe. Na ikiwa ni kosa zito, barua itoke ndani ya siku 15 za kazi tangu mwajiri alipolijua, la sivyo amelisamehe. Mahakama ikiona sababu haina msingi, na mtu asirudishwe kazini, fidia yaweza kufika mishahara ya miezi 36, na mashirika madogo ya pwani hii ya ziwa Tanganyika hayana mfuko wa kuibeba.

Wafanyakazi nao huja, na wengi huja wamechelewa. Kwao nasema hivi: hesabuni siku zenu wenyewe katika daftari lenu wenyewe, na mwombe nakala ya kila mnachotia sahihi. Msikimbilie mahakama ya kazi moja kwa moja, maana haiyapokei madai ya mtu mmoja mmoja mpaka yawe yamekwisha kupita kwa mkaguzi wa kazi kwa ajili ya suluhu. Wala msingoje mwajiri atubu: dai la mshahara hufa mwaka mmoja baada ya siku ulipopaswa kulipwa, na madai mengine mengi ya mkataba hufa baada ya miaka mitatu.