Kilwa Hadi Kariakoo kwa Ajili ya Wino

Basi la kwanza kutoka Kilwa Masoko kwenda Dar es Salaam huondoka kungali giza, na abiria wake wengi wana mizigo inayoeleweka: ufuta, pweza mkavu, ndoo ya samaki iliyofunikwa gunia. Mimi nilipakata kikapu cha ukili chenye katriji tupu za printa. Konda alichungulia, akaokota moja, akaigeuzageuza kama anayetafuta inafunguliwa wapi. Nilipomweleza kwamba naenda kujifunza kuzijaza wino, alinirudishia bila neno na kudai nauli.

Nina duka la stesheneri jirani na ofisi za halmashauri. Watu huja na vyeti vya kuzaliwa, barua za kuomba kazi, mitihani ya shule. Katriji mpya lazima iagizwe, na bei yake inakaribia ya printa yenyewe, kwa hiyo kila ujumbe wa "wino umekwisha" ulikuwa unakula faida ya wiki. Kusini ya kwetu nilishaizunguka, Lindi na Mtwara nazijua, lakini Mto Rufiji sikuwahi kuuvuka.

Nangurukuru tuliipita watu wamelala. Somanga kila mtu aliamka, kwa sababu madirisha yote yalijaa samaki wa kukaanga. Halafu likaja Daraja la Mkapa. Mama alishanisimulia safari za zamani, magari yakipanga foleni Ndundu kungoja pantoni, na masika yakikata barabara hata mtu asijue atafika lini. Daraja lilifunguliwa mwaka 2003, na sisi tulilivuka kabla sijamaliza kuutazama mto. Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga: minazi, mikorosho, usingizi. Nilishuka Mbagala Rangi Tatu, nikapanda daladala ya Kariakoo nimesimama, kikapu kifuani.

Fundi niliyeelekezwa kwake ana fremu nyembamba chini ya ngazi za ghorofa, karibu na Mtaa wa Aggrey. Ni mtu mzima, vidole vyake vina rangi ya samawati isiyotoka kwa sabuni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za Kilwa na za barabara, kisha akavuta kikapu. Nilitegemea atachukua bomba la sindano. Alichukua mizani ndogo inayotosha kiganjani.

"Hizi mbili ni aina moja," alisema. "Printa ilikwambia zimekwisha?"

"Ndiyo, baba. Zote."

Akazipima. Ya kwanza ilikuwa nzito kuliko ya pili kwa gramu mbili na ushee. "Hii imekuja na wino wake kutoka Kilwa. Hii nyingine ilichapa hadi ikakauka, na kichwa kimeungua. Printa imekupa jibu lilelile kwa zote mbili kwa sababu haikuchungulia ndani. Ilihesabu."

Hapo ndipo nilipokaa vizuri. Kwa katriji za namna yangu, ambazo kichwa cha kuchapia kiko humohumo, printa haina jicho wala kipimo cha kuona wino. Inajumlisha matone iliyoamuru yarushwe, inatoa kwenye kiasi cha kiwandani, na kinachobaki ndicho kinachochorwa kwenye skrini. Hesabu hiyo ni makadirio. Ukijaza katriji nyumbani, printa huitambua kuwa ni ileile ya jana, na mchoro unabaki sifuri. Ujumbe wa onyo unaukubali, unaendelea kuchapa, lakini kuanzia hapo skrini haina la kukwambia.

Kuungua kwa kichwa nako kuna sababu yake. Nyuma ya kila tundu dogo mna kijipasha moto. Kinachemsha wino kwa kitambo kisichohesabika, povu la mvuke linatokea na kusukuma tone nje. Wino ndio unaochapa na ndio unaopoza. Ukikosekana, moto unabaki peke yake. Fundi ana kisa anachokipenda kuhusu hili, nami nimekuja kukisoma kwa Canon wenyewe: mwaka 1977, katika maabara yao, pasi ya kulehemu iliyokuwa ya moto iligusa sindano ya bomba lenye wino, na wino ukaruka. Uchapaji wao wa kutumia joto ulianzia hapo. "Unaona?" alisema, akiinua bomba lake. "Hili si la kuchakachua. Hili ndilo mama yao."

Kujaza kwenyewe si kazi ya kutisha. Unabandua karatasi ya juu, unakuta matundu. Nyeusi haina maswali. Ya rangi ina vyumba vitatu, na mpangilio wake usiukariri kutoka kwa jirani: chovya njiti ya meno safi kila tundu, utazame imetoka na rangi gani. Wino uingie polepole mno, kwa sababu ndani mna sponji na hewa inahitaji nafasi ya kutoka. Ukiona unapanda juu, simama, nyonya kidogo. Mwisho unakandamiza kichwa juu ya tishu: rangi tatu zitoke mistari mitatu iliyotengana. Ukipata mistari miwili, mna hewa au tundu limeziba, na tishu yenye maji ya uvuguvugu huwa inasaidia.

Alinikataza jambo moja kwa ukali: kuchanganya wino. Uko wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa, na uko wenye chembechembe zinazoelea. Katriji nyingi nyeusi za ofisini hutumia huu wa pili, ambao karatasi ikilowa hauchuruziki, na kwa vyeti vya watu wa pwani hilo si jambo dogo. Ukiutia ndani ya sponji iliyozoea mwingine, unaweza kuganda na kuziba matundu.

Duka la pili kutoka kwake waliuza printa za matangi, zile ambazo Epson walianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, wino unauona kwa nje kupitia plastiki. Nilizitamani, sitaficha. Nikipata mtaji nitanunua. Lakini hata kwa hizo mtengenezaji anakuelekeza utazame tangi lenyewe, usitegemee mchoro wa kompyuta.

Kwa katriji zangu zisizopitisha mwanga, jicho ni mizani. Mililita moja ya wino ina uzito wa karibu gramu moja, inazidi kidogo tu. Nikatafuta ya kwangu, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Muuzaji akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimekuja na dhahabu, maana wanunuzi wake wengi ni wa dhahabu. Kilwa ilitajirika zamani kwa dhahabu ya Sofala, ndiyo, ila mgawo wa familia yetu ulipotelea njiani. Nikampa fedha yake.

Sasa dukani nina daftari: uzito wa katriji ikiwa tupu na kavu, uzito ikijaa, uzito wa leo, kurasa zilizopita. Napima feni ikiwa imezimwa, kwa sababu upepo unacheza na namba. Daftari limenifundisha mambo ambayo printa haikuwahi kuyasema. Nakala ya cheti chenye mandhari ya rangi inakula wino kupita barua kadhaa. Na kile kitufe cha kusafisha kichwa, ambacho nilikuwa nakibonyeza kila asubuhi kama dawa, kinamwaga wino safi kwenye sponji iliyo tumboni mwa printa. Nilipima kabla na baada. Sikibonyezi tena ila mistari ikikatika.

Mwalimu wa taaluma alileta mtihani wa wanafunzi 80, kurasa tatu kila mmoja. Kwenye katriji zilibaki gramu 5.1, na maandishi ya namna ile hunilia kama gramu 0.025 kwa ukurasa. Gramu moja huwa siigusi, ndiyo inayokilinda kichwa. Nikamwambia tutasimama kwenye ukurasa wa 160 nijaze, ndipo tumalizie. Akaomba aone nimejuaje. Alilisoma daftari mstari kwa mstari, akapiga hesabu zake pembeni, kisha akasema kwa kuwa sasa anajua ukurasa mmoja unakula wino kiasi gani, nimpunguzie bei.