Shangazi Alivyoichagua Manzese

Mwaka 1970 Shangazi alikuwa na nyumba moja ya Kiswahili pale Magomeni, Dar es Salaam: vyumba sita, korido katikati, jiko na choo cha shimo uani. Chumba kimoja alilala mwenyewe, vilivyobaki alipangisha. Kodi hizo, pamoja na faida ya samaki wa kukaanga, zilimpa uwezo wa kutafuta nyumba ya pili, ya kupangisha tu. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza darasa la saba, kazi yangu ikawa kumsindikiza na kumsomea karatasi.

Dalali alitupeleka kwanza bonde la Msimbazi. Bei ilikuwa ndogo na mjini unafika kwa miguu. Shangazi hakuingia hata ndani. Aliona ukutani alama ya maji ya masika yaliyopita, akasema, "Hapa mpangaji atanilipa kiangazi, masika atanihamia Magomeni."

Ilala nyumba zilikuwa nzuri, lakini kwa bei ile kodi ingechukua miaka mingi kurudisha fedha. Kariakoo maghorofa yalikuwa yakipanda palipokuwa na nyumba za udongo, na mfanyabiashara mmoja mwenye ghorofa huko alimtaka waungane kujenga jingine. Shangazi alimshukuru, akaaga.

Ikabaki Manzese, iliyodharauliwa na kila mtu. Haikuwa imepimwa, vichochoro vyake vilipinda, maji yalinunuliwa kwa debe. Lakini mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilikuwa kimefunguliwa karibu na hapo, upande wa Ubungo. Alfajiri moja Shangazi alinipeleka kando ya Barabara ya Morogoro kuwangoja wafanyakazi waliotoka zamu ya usiku. Aliwauliza vijana wale kama mama anavyouliza: "Mwanangu, unalala wapi? Unafika saa ngapi? Kodi unalipa mshahara ukitoka, au mpaka udaiwe?" Wengi walikuwa wakitembea hadi Magomeni na Kigogo. Kabla jua halijapanda alikwisha kuamua.

Nyumba tuliyoipata ilikuwa ya miti na udongo, paa la madebe yaliyofumuliwa. Hati haikuwepo. Ardhi ilikuwa ya serikali, nasi tulinunua nyumba na miembe yake, mbele ya balozi wa nyumba kumi na majirani waliotia dole gumba kwenye karatasi niliyoiandika. Shangazi alimhoji balozi kuliko alivyomhoji muuzaji: maji ya mvua yanapita wapi, mpaka unaishia kwenye mwembe upi, nani alikwisha kugombana na nani.

Aprili 1971 redio ikatangaza sheria ya kutaifisha majengo. Jengo la kupangisha lenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi likawa chini ya Msajili wa Majumba. Fidia ilipungua kwa umri wa jengo, na lililopita miaka 10 halikupata kitu. Mfanyabiashara wetu akanyang'anywa ghorofa lake. Nyumba ya Manzese haikukaribia thamani hiyo. Watu wakasema Shangazi alinusa jambo. Hakunusa chochote, alikwenda pale fedha zake zilipofika na wapangaji walipokuwepo.

Baadaye katika miaka hiyo ya 70, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali iliamua kuiboresha Manzese badala ya kuibomoa. Zikaja barabara, mifereji na mabomba. Shangazi akaezeka bati na kupandisha kodi kidogo, asiwakimbize watu wa kiwandani. Kiwanda kilipodorora, vyumba vikachukuliwa na makondakta na wauza mitumba, kwa sababu Barabara ya Morogoro ilikuwa pale pale na riziki ilipita juu yake.

Siku hizi wajukuu zake huniuliza wanunue wapi, Goba au Kigamboni. Huniletea picha za nyumba na bei za viwanja. Nami huwauliza mpangaji wao atakuwa nani, anafanya kazi wapi, na nauli ya kumfikisha huko ni kiasi gani. Asiye na majibu hayo namwambia aweke fedha benki kwanza.