Makindu: Mji wa Reli na Majumba Yake ya Kale

Wasafiri wapitao barabara kuu ya Nairobi na Mombasa wanaujua mji wa Makindu kwa jina, lakini ni wachache wanaozijua habari zake. Mji huu uko katika Kaunti ya Makueni, yapata kilometa 170 kutoka Nairobi. Gari husimama kitambo, watu hunywa chai na kunyosha miguu, kisha safari huendelea. Lakini mtu akiiacha barabara akatembea polepole, akayatazama majumba ya zamani, atapata mafunzo makubwa juu ya namna miji inavyozaliwa, na juu ya sababu zinazofanya nyumba moja iishi na nyingine ife.

Jina la Makindu lakumbusha mikindu, ile miti ambayo majani yake hutumiwa kusuka mikeka na vikapu. Mkindu hupenda mahali penye maji, na kweli maji ndiyo asili ya mji huu. Si mbali na hapo kuna milima ya Chyulu, iliyofanyizwa na moto utokao chini ya ardhi. Mvua inyeshayo huko haifanyi mito juu ya nchi. Hunywewa na mawe meusi yenye matundu, ikapita chini kwa chini, kisha ikatokea mbali kwa chemchemi. Chemchemi za Makindu, za Kibwezi, na zile za Mzima katika Tsavo, zote hupata maji yake huko.

Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Ilipita nyika ya Taru, nchi kavu isiyo na maji, na wakati wote wa kazi maji yalikuwa shida kuu. Injini ya mvuke hunywa maji kama ng'ombe wakati wa kiangazi, na ikikosa maji haiendi hata hatua moja. Basi wajenzi walipofika penye mikindu walijua wamepata hazina. Reli iliendelea mbele, ikafika Nairobi mwezi wa Mei 1899 na Kisumu mwezi wa Desemba 1901, lakini huku nyuma Makindu palikwisha kuwa mji.

Palijengwa stesheni, matangi ya maji, nyumba za watumishi, na nyumba ya mapumziko. Hiyo ya mwisho ilikuwa na kazi ya maana, kwa sababu magari ya zamani hayakuwa na chumba cha kulia. Abiria walishuka Voi au Makindu, wakala kwa haraka, kisha wakarudi garini. Nyumba za reli za siku zile zilifanana sana: paa la mabati, madirisha mapana ya kupitisha hewa, na baraza ya kumkinga mtu na jua. Hazikujengwa kwa fahari, bali zilijengwa ili kazi ifanyike.

Hapo ndipo palipo na hatari. Nyumba iliyojengwa kwa kazi moja tu, kazi hiyo ikiondoka, nayo hubaki yatima. Mfano uko jirani tu, Kibwezi. Mwaka 1891 wamisionari wa Scotland, wakiongozwa na Dakta James Stewart, walianzisha misheni huko ya kufundisha dini, kusoma na kazi za mikono. Homa ya malaria iliwasumbua mno, na mwaka 1898 misheni ikahamishwa Kikuyu. Huko ilistawi, ikawa shina la Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, na mwaka 1926 Shule ya Alliance ilifunguliwa huko huko Kikuyu. Matunda yakachumwa mbali na pale mbegu ilipopandwa kwanza.

Makindu nayo ilipatwa na jambo la namna hiyo. Katika miaka ya 1960 na 1970 injini za dizeli zilishika nafasi ya injini za mvuke, na injini ya dizeli haina haja ya kusimama mara kwa mara kunywa maji. Watumishi wengi walihamishwa na pilikapilika za stesheni zikapungua. Mwaka 2017 reli mpya pana ilifunguliwa, na gari la abiria la reli ya zamani likakoma. Vituo vya abiria vya reli mpya katika sehemu hizi vikawekwa Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Makindu ikarukwa.

Hata hivyo liko jengo moja la Makindu ambalo halikufa, nalo ni hekalu la Masingasinga, ambao watu wengi huwaita Makalasinga. Ili kujenga reli, Serikali ya Waingereza ilileta vibarua na mafundi karibu 32,000 kutoka Bara Hindi, na wengi wao walitoka Punjab. Karibu 2,500 walikufa kazini. Baadhi ya waliosalia walibaki kuwa watumishi wa reli, na mwaka 1926 Masingasinga wa Makindu wakajenga hekalu lao karibu na njia.

Watumishi walipohamishwa, waumini nao walipungua. Kwa hesabu ya kawaida hekalu hili lingalifuata njia ya stesheni. Lakini dini ya Singasinga ina desturi ya jiko la hekalu: kila ajaye hupewa chakula bure, awe tajiri au maskini, na bila kuulizwa dini yake wala kabila lake. Mgeni huvua viatu, hufunika kichwa kwa kitambaa, kisha huandaliwa chakula kisicho na nyama. Aliyechoka hupewa na mahali pa kulala. Akipenda kutoa sadaka hutoa, asipokuwa na kitu huenda zake kwa amani.

Basi hekalu lilipopungukiwa na watu wa reli, lilipata watu wa barabara. Sifa zake zilienea, Masingasinga wa miji mingine wakaja kulitengeneza na kuongeza vyumba vya wageni. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji aliyepona ni jengo lenyewe.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inampa Waziri uwezo wa kutangaza kwamba jengo la kale lilindwe lisibomolewe. Hiyo ni sheria njema, na yafaa wakazi wa miji ya reli waijue. Lakini sheria haizibi paa linalovuja, wala haifagii sakafu. Nyumba ya zamani ya reli yaweza kuwa maktaba, au zahanati, au ghala la chama cha wakulima wa maembe, ambao ni wengi Makueni. Ikipata kazi mpya itapata na mtu wa kuitunza. Isipopata, mchwa na mvua watafanya kazi yao, na watoto wa Makindu hawatakuwa na la kuonyeshwa ila mikindu.