Gari Lilikuwapo, Mafuta Hayakuwapo

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba naandika haya nikiwa hai. Nawaandikia hasa kina mama walio mbali na hospitali, wanaohesabu miezi kwa hofu. Hofu hiyo naijua.

Nimeolewa katika kijiji kimoja cha Tana River, ng'ambo ya mto, mbali na barabara ya lami. Mwaka 2006 nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Mvua za vuli zikaja kwa nguvu, Mto Tana ukafurika, mashamba ya migomba yakazama. Uchungu ulinianza usiku, maji yakiwa yamefika kwenye uwanja wa jirani.

Mume wangu na mama mkwe walinifikisha zahanati. Nesi alikuwa mmoja tu. Alinipima, akanyamaza, akatoka kuzungumza na mume wangu mlangoni. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, nilihitaji kupasuliwa. Gari la zahanati lilikuwapo, limeegeshwa chini ya mwarobaini. Mafuta hayakuwapo.

Mume wangu alichukua jerikeni tupu akaenda nyumba kwa nyumba. Mwenye mashine ya kusaga unga aliamshwa, akafungua tangi la mashine yake, akamimina dizeli yote aliyokuwa nayo. Hakuchukua hata shilingi. Mungu amlipe. Lakini kufikia saa hiyo barabara ilikuwa imekatika. Gari lilifika ukingoni likasimama.

Tukapanda mtumbwi. Shemeji zangu walipiga kafi gizani. Mama mkwe alinishika kichwa. "Mwanangu, shika shahada," aliniambia. Nikajua naye anaona ninakufa. Baridi. Damu. Kanga ililowa, akaikamua, akanirudishia. Sikumsikia tena mtoto akicheza. Nilitaka kusema. Sauti haikutoka.

Ng'ambo tulipata gari la watu. Hospitali walinipasua. Mimi nilipona. Mwanangu hakupona. Alikuwa wa kiume.

Sitaeleza sana miezi iliyofuata. Mama mkwe alilala nami chumba kimoja, na mume wangu hakuwahi kunitupia neno la lawama. Wako wanawake waliopatwa na hayo wakarudishwa kwao.

Kwa muda mrefu niliamini ni kudra tu, na kudra ni kudra. Lakini yule nesi, aliyekuja kuwa kama dada yangu, alinieleza jambo jingine. Zahanati ilikuwa ikingoja fedha kutoka Nairobi. Kanso yetu, yaani halmashauri ya wakati huo, iliyotakiwa kutengeneza njia, ilikuwa moja kati ya 175 zilizogawana asilimia 5 ya kodi ya mapato, na sehemu kubwa ya mgao ilifuata idadi ya watu. Sensa ya 2009 ilituhesabu sisi wa Tana River watu 240,075 katika ardhi ya zaidi ya kilomita za mraba 38,000. Mombasa walikaribia milioni moja katika kilomita za mraba kama 220. Ukihesabu vichwa peke yake, sisi hatuonekani. Lakini lita ya dizeli inayomfikisha mgonjwa wa Mombasa hospitali haimtoi mgonjwa wetu hata nusu ya safari. Umbali nao una gharama, na lazima mtu aulipe. Usiku ule tuliulipa sisi.

Katiba ya 2010 ikaja, na 2013 serikali za kaunti zikaanza, na zahanati zikawa chini yake. Mgao wa kwanza ulipopangwa, idadi ya watu ilipewa asilimia 45. Asilimia 25 ziligawanywa sawa kwa kaunti zote 47, umaskini ukapewa 20, ukubwa wa ardhi 8, na 2 zikawa za nidhamu ya fedha. Naona hapo ndipo mtu wa mashinani alipoanza kuhesabiwa pamoja na njia anayoitembea. Hiyo 8 ya ardhi, kwangu, bado ni ndogo.

Mwaka 2015 nilishika mimba tena. Nililia nilipojua, na hayakuwa machozi ya furaha. Mume wangu aliweka dizeli ndani ya nyumba tangu mwezi wa sita, nasi tukavumilia harufu yake. Haikuhitajika. Uchungu ulipoanza, ambulensi ya kaunti ilikuja na mafuta yake. Nilipasuliwa mchana, na malipo ya kujifungua yalikuwa yameshaondolewa. Binti yangu alilia kabla sijamwona. Alhamdulillahi.

Hata leo nikisikia redioni kwamba mgao wa kaunti umechelewa, tumbo hunikaza. Katiba yasema fedha hizo zipelekwe bila kucheleweshwa pasipo sababu, lakini mwenye uchungu hawezi kungoja wakubwa wapatane. Kwa hiyo kikao cha maoni ya bajeti kikiitishwa, mimi huenda, na mama mkwe, mzee sasa, huja na mkongojo wake.

Dada yangu unayesoma haya na tumbo lako, mwambie mumeo, mamako, yeyote aliye karibu, akupeleke kikaoni au aende kwa niaba yako. Mwulizeni mwakilishi wadi swali moja: mwaka huu, mafuta ya ambulensi ya zahanati yetu yametengewa shilingi ngapi, na zimefika? Akisema hajui, ombeni karatasi ya bajeti mwisome wenyewe. Ni haki yenu kuiona.